Hana kazi, kaumia ndani ya gari la jirani: kwa nini barua ya kwanza ilisema dola 185 na ya mwisho 388.26

Jumamosi, Novemba 15, 2025, mjini Hamilton, jimbo la Ontario, Kanada. Mama wa miaka 41, mzaliwa wa Bukavu, anapewa lifti na jirani yake kutoka kwenye kikao cha harusi. Jirani anakata kona kushoto bila kungoja gari linalokuja mbele yake lipite, wanagongwa ubavuni. Mama anatoka na mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia umevunjika na shingo imekakamaa. Hana gari, hana bima ya gari, na kazi hana tangu mwisho wa Agosti.

Tumwite Zawadi. Kisa hiki kimeundwa ili kuonyesha kanuni zinavyofanya kazi, lakini kanuni, fomu na viwango ni vile vya Ontario vilivyokuwa vikitumika siku hiyo, na makosa yaliyomo ni yale yanayojirudia kila siku.

Zawadi alikaa siku tano bila kumwambia mtu wa bima chochote. Sababu ilikuwa muhali: jirani ndiye mwenye kosa, na kudai bima aliona ni sawa na kumshtaki mtu aliyemfanyia wema. Kwa aliyekulia kwetu hofu hiyo inaeleweka. Bima ya lazima ya magari Kenya na Tanzania imejengwa juu ya swali la nani kakosea, na abiria aliyeumia hulipwa pale kosa la dereva linapothibitika. Ontario ina milango miwili. Mmoja ni huo huo wa kumdai mwenye kosa mahakamani. Wa pili ni mafao ya ajali, ambayo hulipwa kwa aliyeumia pasipo kuuliza nani kakosea. Hata dereva aliyesababisha ajali mwenyewe anayapata. Kosa la jirani litaamuliwa kwa kanuni zake, Zawadi adai asidai. Kunyamaza kwake hakumpunguzii jirani kitu.

Sheria inataka kampuni ya bima ijulishwe ndani ya siku 7 tangu ajali. Akichelewa kwa sababu ya maana haki haipotei, ila atadaiwa maelezo, na maelezo dhaifu huacha doa kwenye faili. Zawadi alipiga simu Novemba 20. Salama.

Kampuni ipi, lakini? Hapa kuna ngazi. Kwanza bima ya mwenyewe aliyeumia, au ya mume au mke wake, au ya mtu anayemtegemea kimaisha. Kama hakuna, bima ya gari alilokuwamo. Kama nalo halina, bima ya gari jingine lililohusika kwenye ajali. Mwisho kabisa ni mfuko wa serikali ya jimbo kwa waathirika wa ajali za magari. Zawadi hana mume, lakini anaishi kwenye basimenti ya kaka yake, na kaka ana gari lenye bima. Afisa wa madai aliuliza swali ambalo kwenye familia zetu lina mtego: "Nani anakulisha?" Mtu akijibu kwa adabu kwamba kaka ndiye anayemtunza, anaweza kurushwa kwenye bima ya kaka bila kukusudia. Jibu sahihi ni la hesabu: analipa kodi ya chumba kiasi gani, chakula nani ananunua, kipato chake cha mwaka uliopita kilitosha mahitaji yake kwa sehemu gani. Zawadi alikuwa akijitegemea kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ilibaki bima ya jirani. Na hata kampuni mbili zikivutana, ile ya kwanza kupokea maombi yaliyokamilika ndiyo inayotakiwa kulipa kwanza, ugomvi wao waumalize wenyewe. Asikubali kuambiwa asubiri.

Sasa tuingie kwenye pesa, maana hapo ndipo kisa kilipoharibika.

Kwa mtu aliyeshindwa kufanya kazi kuna fao la kufidia kipato: asilimia 70 ya kipato ghafi cha wiki, kisichozidi dola 400 kwa wiki isipokuwa mwenye bima alinunua nyongeza. Halilipwi kwa wiki ya kwanza. Kwa asiye na kipato kuna fao jingine, dola 185 kwa wiki, ambalo halilipwi kwa wiki 4 za kwanza na linakoma wiki 104 baada ya ajali, hata mtu awe bado amelala kitandani. Majina haya mawili ndiyo yanayopotosha. Anayesikia "asiye na kipato" na hana kazi anajiona ameitwa.

Lakini sheria haiangalii siku ya ajali peke yake. Asiye na kazi anastahili fao la kufidia kipato kama alifanya kazi angalau wiki 26 kati ya wiki 52 kabla ya ajali, au kama siku ya ajali alikuwa akipokea bima ya ukosefu wa ajira ya serikali kuu, ile EI. Anatakiwa pia awe ametimiza miaka 16, na majeraha yawe yamemzuia kwa kiasi kikubwa kufanya majukumu ya msingi ya kazi aliyoitumikia muda mrefu zaidi ndani ya wiki hizo 52.

Zawadi alifanya kazi ya kufungasha bidhaa kwenye ghala kuanzia Januari 13 hadi Agosti 29, 2025. Hizo ni wiki 33. Baada ya hapo aliomba EI, na hadi siku ya ajali alikuwa ameshalipwa wiki 9 na bado anaendelea. Sharti moja lingetosha, yeye alikuwa nayo yote mawili.

Hesabu yake inakwenda hivi. Mshahara ulikuwa dola 19 kwa saa, saa 40, yaani 760 kwa wiki. Mara 33 ni dola 25,080. EI ilikuwa dola 418 kwa wiki. Mara 9 ni 3,762. Jumla ni 28,842. Kwa mtu ambaye hakuwa kazini siku ya ajali, jumla hiyo inagawanywa kwa wiki zote 52, na zile alizokaa bure zimo. Inatoka 554.65 kwa wiki, na asilimia 70 yake ni dola 388.26. Aliyekuwa kazini siku ya ajali angeweza kuchagua wiki 4 za mwisho badala ya 52. Asiye na kazi hana uchaguzi huo.

EI imeingia kwenye hesabu kwa sababu kanuni yenyewe inasema kipato cha ajira kinajumuisha malipo ya EI. Malipo ya kiinua mgongo ya kuachishwa kazi hayamo. Maafisa wengi wa madai wanakumbuka la pili na kusahau la kwanza.

Kisicholipiwa kodi nacho hakimo. Zawadi husuka nywele nyumbani Ijumaa jioni na hupata pesa taslimu ambazo hajawahi kuzitangaza kwa mamlaka ya kodi. Shangazi mmoja alimshauri aziongeze ili fao lipande. Ni ushauri mbaya mara mbili. Kanuni inasema kipato kilichotakiwa kutangazwa na hakikutangazwa hakihesabiwi, kwa hiyo fao halipandi hata senti. Halafu ameshaandika kwa mkono wake, kwenye fomu yenye sahihi, kwamba alikwepa kodi. Na kama ataendelea kusuka baada ya ajali, asilimia 70 ya anachopata inakatwa kwenye fao. Akikificha na kikagunduliwa, fao lote linaweza kusimamishwa kwa udanganyifu. Kampuni za bima huangalia kurasa za mitandao ya kijamii, na picha ya mteja aliyesukwa jana ikiwa na jina la msusi haihitaji mpelelezi.

Fomu zilimfikia Novemba 24. Maombi yenyewe, OCF-1, yanatakiwa kurudi ndani ya siku 30 tangu kupokelewa. Mpwa wake alimjazia kwa haraka. Kwenye sehemu ya hali ya mwombaji alitia alama kwenye "hana kazi" na kuacha sehemu ya historia ya ajira tupu, akiona haina maana kuandika kazi iliyokwisha. Kosa la kwanza.

Kosa la pili lilitokea kliniki. OCF-3 ni cheti cha kutojiweza. Kinaweza kujazwa na daktari, mtaalamu wa fiziotherapia, wa kairopraktiki (tiba ya uti wa mgongo kwa mikono) au muuguzi mwandamizi, miongoni mwa wengine. Fomu hiyo inauliza kila kipimo kivyake: je, ameshindwa majukumu ya msingi ya kazi yake? Je, ameshindwa kabisa kuishi maisha yake ya kawaida? Mtaalamu aliuliza, "Unafanya kazi wapi?" Zawadi akajibu kwa ukweli wake: "Sifanyi kazi." Swali la kazi likajazwa "haihusiki", la maisha ya kawaida likajazwa "ndiyo". Jibu lililotakiwa ni refu kidogo: kwamba ndani ya mwaka uliopita alifanya kazi wiki 33 ghalani, kusimama saa 8, kunyanyua maboksi ya kilo 15 hadi 20, kuyafunga kwa tepu na kushika mashine ya kusoma lebo kwa mkono wa kulia. Mtaalamu akishasikia hayo, mkono wa kulia ukiwa ndani ya plasta, hana cha kufikiri. Ni vizuri kwenda na maelezo hayo yameandikwa kwenye karatasi, kwa sababu miadi ya kliniki ni ya dakika chache na Kiingereza hukimbia mtu akiwa na maumivu.

La tatu ni tarehe. Mafao ya kila wiki hayadaiwi kwa kipindi cha kabla OCF-3 haijawasilishwa. Wiki ya kwanza isiyolipwa ilikwisha Novemba 21, lakini cheti kilifika kwa kampuni Desemba 5. Siku 13 kati ya Novemba 22 na Desemba 4 zikapotea, karibu dola 720, na hazikurudi hata mambo mengine yalipotengemaa. OCF-1 ina siku zake 30 na hilo huwapa watu utulivu. OCF-3 haina huruma hiyo.

Baada ya kupokea maombi na cheti, kampuni ina siku 10 za kazi kulipa, au kukataa kwa maandishi ikieleza sababu, au kuomba taarifa zaidi, au kumpeleka kwa uchunguzi wa mtaalamu wake. Kwa Zawadi siku hizo ziliishia Desemba 19. Barua ilitoka Desemba 17: siku ya ajali hukuwa umeajiriwa, hivyo hustahili fao la kufidia kipato, utalipwa dola 185 kwa wiki kuanzia Desemba 13.

Wengi hushukuru na kukaa kimya, kwa kuwa pesa imeingia. Tuone alichokuwa akikiacha. Kama karatasi zote zingefika kwa wakati, fao la kufidia kipato hadi wiki ya 104 ni wiki 103 kwa dola 388.26, jumla 39,990.78. Fao la asiye na kipato ni wiki 100 kwa 185, jumla 18,500. Na hiyo ni kama wangemlipa 185 hadi mwisho, jambo lisiloelekea, kwa kuwa kipimo chake ni kigumu kuliko cha kazi. Kinataka mtu awe amezuiwa mfululizo kufanya karibu shughuli zote alizokuwa akizifanya kabla ya ajali. Mahakama ya Rufaa ya Ontario, kwenye shauri la Heath dhidi ya kampuni ya bima ya Economical la mwaka 2009, ilisema ulinganisho ufanyike kati ya maisha ya kabla na ya baada, kwa kipindi cha kutosha na kwa kutazama shughuli zilizokuwa na uzito kwa mhusika. Kifundo cha mkono kilichovunjika kinamzuia mtu kufungasha maboksi. Kwenda kanisani, kupokea wageni na kuwapeleka watoto shule hakimzuii. Plasta ingetolewa, kampuni ingempeleka kwa mchunguzi, na 185 zingekatika kabla ya kiangazi.

Kuna fomu nyingine, OCF-10, ambayo kampuni humpa mtu anayeonekana kustahili zaidi ya fao moja ili achague. Uchaguzi huo ni wa mwisho. Haubadilishwi hali ikibadilika, isipokuwa baadaye majeraha yatambuliwe kuwa ya kiwango cha juu kabisa. Zawadi hakuletewa, bahati yake. Aliyeletewa asiisaini kabla ya kufanya hesabu.

Jibu lake kwa kampuni halikuhitaji maneno makali. Lilihitaji karatasi nne. OCF-1 iliyosahihishwa, yenye historia ya ajira. OCF-3 mpya kutoka kwa mtaalamu yule yule, safari hii swali la kazi limejibiwa. ROE, ile rekodi ya ajira ambayo mwajiri huitoa mtu akiondoka, inayoonyesha jumla ya saa za kazi na malipo kwa kila kipindi. Inapatikana kwenye akaunti yake ya Service Canada, ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia EI. Na taarifa ya malipo ya EI kutoka akaunti hiyo hiyo. OCF-2, ambayo hujazwa na mwajiri, ilizungushwa kwanza: mpwa aliipeleka ghalani, na ghala likasema halimjui. Ni kweli halimjui, kwa kuwa mwajiri kisheria alikuwa wakala wa ajira aliyempeleka pale, na ndiye anayetoa ROE na kujaza OCF-2. Kwa watu wetu wanaofanya kazi kupitia mawakala, wakati mwingine watatu kwa mwaka, kila wakala ana fomu yake.

Karatasi ziliingia Januari 6, 2026. Siku kumi baadaye kampuni ilikubali, lakini ikaandika dola 337.62. Ukipiga hesabu kinyumenyume unaona walichofanya: 25,080 gawanya kwa 52, mara asilimia 70. EI imesahauliwa. Barua ya pili, ya mistari mitatu yenye taarifa ya EI imeambatanishwa tena, ilirudisha dola 50.64 kwa wiki. Hadi Januari 23 alikuwa anadai wiki 7 tangu Desemba 5, yaani dola 2,717.82, ukitoa 1,110 alizolipwa kwa kiwango cha 185, ilibaki 1,607.82. Malipo yaliyochelewa yana riba ya asilimia 1 kwa mwezi, nayo huzaa riba. Watu hawaiombi, na kampuni haikumbushi.

Upande wa matibabu nako kulikuwa na mkwamo. Kliniki ya kwanza iliitazama shingo peke yake, kwa hiyo fomu ya matibabu iliyotumwa ilitaja misuli kuteguka tu. Kampuni ikamweka kwenye kundi la majeraha madogo, ambalo kikomo chake ni dola 3,500. Kundi hilo ni la mteguko, misuli kukazika, michubuko, mikwaruzo na kadhalika. Msuli au kano iliyochanika nusu imo, iliyochanika kabisa haimo. Mfupa uliovunjika haumo. Ripoti ya eksirei ya hospitali ilipoambatanishwa na mpango wa matibabu, OCF-18, kikomo kilipanda hadi dola 65,000 kwa miaka 5, pamoja na gharama za mtu wa kumhudumia. OCF-18 nayo ina siku 10 za kazi za kujibiwa. Kampuni ikipitiliza, inalipia matibabu yaliyo kwenye mpango huo kuanzia siku ya 11 ya kazi hadi itakapojibu, na haiwezi tena kusema kwamba majeraha yaliyotajwa humo ni madogo. Tarehe ya kutumwa iandikwe mahali.

Na EI yenyewe? Kila wiki mbili Zawadi hujaza ripoti inayomuuliza kama alikuwa tayari na anaweza kufanya kazi. Akijibu "ndiyo" kwa mazoea huku akiiambia bima kwamba hawezi, amejitengenezea ushahidi wa kumkana, na kampuni ya bima ina haki ya kuomba faili la EI. Alitakiwa kuwajulisha Service Canada mara baada ya ajali na kuhamishiwa EI ya ugonjwa, ambayo tangu Desemba 18, 2022 hufika wiki 26, na kuwaambia pia kuhusu malipo ya bima ya gari. Kwa upande wa bima ya gari, EI haihesabiwi kati ya misaada inayokatwa kwenye fao la kufidia kipato.

Akiitwa kwenye uchunguzi wa kampuni, aende. Kutokwenda bila sababu husimamisha malipo. Aombe mkalimani mapema na aseme Kiswahili cha Kongo. Mkalimani wa Mombasa na mgonjwa wa Bukavu wanaelewana sokoni vizuri tu, lakini kwenye kueleza aina za maumivu hupishana, na kinachopishana huandikwa kwenye ripoti kama kujikanganya.

Novemba 13, 2027 wiki 104 zinatimia na kipimo kinabadilika. Swali halitakuwa tena kazi ya ghalani. Litakuwa kama ameshindwa kabisa kazi yoyote inayomfaa kwa elimu, mafunzo na uzoefu wake. Hapo darasa alilofikia na kiwango chake cha Kiingereza vinakuwa ushahidi. Aliyesoma hadi la sita na akafanya kazi za mikono maisha yake yote hawezi kuambiwa tu akae ofisini.

Kama kampuni ingeshikilia barua yake ya Desemba 17, njia ilikuwa Baraza la Rufaa za Leseni, LAT, linalosikiliza migogoro hii tangu Aprili 1, 2016. Muda ni miaka 2 tangu siku ya kukataliwa, na kukataliwa kwa fao la kufidia kipato kunahesabika hata kama barua hiyo hiyo imeleta pesa ya fao jingine. Baraza linaweza pia kuiongezea kampuni mzigo wa hadi asilimia 50 ya kiasi ilichozuia bila sababu za msingi.

Ajali hiyo hiyo, ikitokea kwenye gari ambalo bima yake imetolewa au kuhuishwa kuanzia Julai 1, 2026, ina hesabu nyingine. Kuanzia tarehe hiyo, kilichobaki cha lazima kwenye bima ya gari Ontario ni matibabu, urekebishaji wa afya na huduma ya mtu wa kumhudumia majeruhi. Fao la kufidia kipato na lile la dola 185 yamekuwa ya kununua kwa hiari, na yanamlinda mwenye bima, mwenzi wake, wanaomtegemea na madereva waliotajwa kwenye hati. Abiria aliyepewa lifti, asiye na bima yake wala ya mume, hayumo kwenye orodha hiyo, hata jirani awe amenunua kila nyongeza. Anayeishi na kaka mwenye gari, na kwa kweli anamtegemea, sasa ana sababu ya kumuuliza kaka amenunua nini.